Anayebaki kulinda mabegi

Oktoba 2022, Tembo Warriors, timu ya taifa ya Tanzania ya soka la watu wenye ulemavu, ilifika robo fainali ya Kombe la Dunia nchini Uturuki. Wachezaji sita wa ndani hukimbia kwa mguu mmoja na magongo mawili, kipa hudaka kwa mkono mmoja, na gongo likigusa mpira kwa makusudi, mchezaji amenawa. Tulishangilia, na walistahili.

Mimi nawaza kipindi cha michezo katika shule ya msingi, ambako mtoto mwenye ulemavu huambiwa akae kivulini alinde mabegi ya wenzake. Mara nyingi mwalimu hana nia mbaya. Anaogopa mtoto asije akaumia, na hajui amchezeshe nini. Lakini mtoto huyo anajifunza mapema kwamba mazoezi ni ya wengine, na mwili usiofanya mazoezi uko katika hatari zaidi ya kupata kisukari na shinikizo la damu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima mwenye ulemavu apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, sawa na mtu mzima mwingine yeyote.

Atazipatia wapi? Daladala iliyojaa haina nafasi ya kiti mwendo, na nauli ya bajaji kwenda na kurudi ni pesa ya chakula. Akifika uwanjani anakuta ngazi, kokoto, na choo chenye mlango mwembamba. Asiyeona anahitaji pia mtu wa kukimbia naye. Katika Paralimpiki ya Sydney mwaka 2000, Henry Wanyoike wa Kenya alikuwa anaongoza mbio za mita 5,000 pale mwongozaji wake alipoishiwa nguvu. Wanyoike akamkokota hadi mwisho na kutwaa dhahabu. Tunausimulia ushujaa wake, tunasahau kwamba hata bingwa hawezi kufanya mazoezi asubuhi kama hakuna mwenzake wa kushika naye kamba ya kumwongoza, na mwenzake huyo naye anahitaji nauli na chakula.

Wapo wanaosema shule nyingi hazina viwanja hata kwa watoto wasio na ulemavu, sembuse hawa. Ni kweli hali ni ngumu, lakini watazame Rwanda. Mpira wa wavu wa kukaa ulishika mizizi huko baada ya vita na mauaji ya kimbari ya 1994, yaliyowaacha wengi bila viungo. Unahitaji sakafu laini, mpira, na wavu ulioshushwa hadi mita 1.15 kwa wanaume au 1.05 kwa wanawake. Wanaume wa Rwanda walicheza Paralimpiki ya London 2012, wanawake wakafuata Rio 2016. Kinachonivutia zaidi ni kwamba mwenye miguu yote miwili akikaa chini kucheza, miguu hiyo haimsaidii kitu. Darasa zima linaweza kucheza, na hakuna anayecheza kwa kuhurumiwa.

Sisemi kila mchezo uchanganywe. Tembo Warriors wanahitaji timu yao, na viziwi wana haki ya ligi yao wakitaka. Ninachokataa ni kumpa mtoto kivuli tu, bila mchezo wa pamoja wala wa wenye ulemavu peke yao.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009. Kifungu cha 30 kinataja waziwazi haki ya watoto wenye ulemavu kushiriki michezo, pamoja na ile ya shuleni. Basi wathibiti ubora wa shule wanapokagua ratiba na vyoo, waulize pia nani alicheza wiki iliyopita na nani alikaa, kisha wamuulize aliyekaa mwenyewe angependa kucheza nini.