Daftari la Wiki: Saa Iliyoteleza

Hapa Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru, jua na saa vinakaribia kupatana. Zambia nzima inafuata saa ya nyuzi 30 mashariki, na mji huu uko karibu na nyuzi 28.7. Kwa hiyo jua hufika utosini takriban dakika tano baada ya saa kusema sita mchana, ukiacha kuyumbayumba kwake kwa msimu. Ukitoka Dar es Salaam, ambako pengo ni kubwa zaidi, hiyo ni anasa.

*

David Livingstone aliliona Ziwa Mweru tarehe 8 Novemba 1867. Kuliona ilikuwa kazi moja. Kulitia kwenye ramani ilikuwa nyingine, nayo ilihitaji kronomita. Dunia hugeuka nyuzi 15 kwa saa, basi ukiwa na saa ya Greenwich sandukuni na ukaipata saa ya hapo ulipo kwa kupima jua au nyota, tofauti yake ndiyo longitudo. Kwenye latitudo ya huku kila sekunde ya kosa inakuhamisha mita kama 460. Kosea dakika moja tu upande wa magharibi, na Nchelenge yote inazama ziwani.

Januari ya mwaka huohuo, njia ikiwa matope matupu, kijana aliyebeba kronomita za Livingstone aliteleza akaanguka mara mbili kwa siku moja. Saa hazikusimama, na hapo ndipo balaa lilipo: ziliendelea kutembea, ila kwa mwendo mwingine. Saa inayochelewa sekunde tano kila siku bila kubadilika ni saa nzuri kwa msafiri. Anajumlisha tano, basi. Iliyobadili tabia bila kukuaga itakupotosha kila ukipiga hesabu. Waandishi wengi hulilia sanduku lake la dawa lililoibwa mwezi huo. Mchora ramani angelilia saa.

(Waswahili na Waarabu waliokuwa wakifanya biashara kwa Mwata Kazembe, mtawala wa huku, hawakuwa na shida hiyo. Muhammad bin Salih alikuwa amekaa huko miaka mingi kabla Livingstone hajafika.)

*

Safari ileile ilianza Machi 1866, Livingstone aliposhuka Mikindani. Mwaka huo ndipo kituo cha wanaastronomia cha Neuchâtel, Uswisi, kilipoanzisha mashindano ya usahihi wa saa. Huko saa zililazwa, zikasimamishwa, zikapashwa joto na kupozwa, kila siku zikilinganishwa na saa ya kituo iliyorekebishwa kwa nyota. Walichotafuta ni kilekile alichokikosa Livingstone, yaani mwendo usiobadilika. Hakuna aliyeteleza nazo.

Turubiyoni, yaani kizimba kinachozunguka ndani ya saa, imetokana na shida ya mkao. Saa ya mfukoni hushinda wima, na nguvu ya uvutano huvuta gurudumu lake la mizani na springi yake upande mmoja siku nzima. Fundi saa Abraham-Louis Breguet, aliyepata hataza yake mwaka 1801, alivitia vitu hivyo ndani ya kizimba kinachojizungusha, siku hizi mara nyingi mzunguko mmoja kwa dakika, ili kosa la upande huu lifutwe na la upande ule. Akili kubwa. Lakini mkono wa mtu hautulii wima kama mfuko wa koti, kwa hiyo kwenye saa ya mkononi kizimba hicho, kwa maoni yangu, ni pambo zaidi ya dawa.

Matokeo yananibishia. Mashindano yalipofufuliwa huko Le Locle mwaka 2009, nafasi mbili za kwanza zilichukuliwa na turubiyoni za Jaeger-LeCoultre, kwa alama 909 na 908 kati ya 1,000. Mwaka 2011 ikashinda turubiyoni pacha ya Greubel Forsey kwa 915. Hata hivyo sikubali haraka. Anayetengeneza turubiyoni ni fundi anayeweza kukaa na saa moja wiki nzima akiirekebisha. Mpe saa ya kawaida na muda uleule, tuone. Tena wakubwa kadhaa hawakuleta saa zao.

Nilichopenda ni kwamba walipoyafufua mashindano waliongeza majaribio ya sumaku na mishtuko. Yule kijana wa Januari 1867 amefika Uswisi hatimaye.

*

Mwaka 1967, Neuchâtel hiyohiyo, saa za betri zenye kwatzi zilizipiku zote za springi. Leo simu ya bei nafuu kabisa sokoni Kashikishi inachukua saa yake kwenye mtandao na kuzishinda zote, ilimradi mnara uwe na umeme.

*

Saa inayoheshimiwa zaidi ziwani ni ya miezi: kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi unafungwa upande wa Zambia. Hakuna anayeuliza sekunde.

*

Pendekezo kwa waandaaji wa Le Locle, wakiyaandaa tena mashindano. Saa tano bora zipakiwe kwenye boti ya abiria hapa Nchelenge, kati ya magunia ya dagaa wa chisense, zipelekwe visiwa vya Isokwe na Kilwa na kurudi kwa mwezi mzima, mawimbi yakiwapo. Abiria wazivae kwa zamu. Bima ilipwe na viwanda.