Mashua ya Babu

Huko Wisconsin, Marekani, wawindaji wa bata wa zamani walitumia mashua za mbao zilizochongoka mbele na nyuma, zipate kupenya matete kwenda na kurudi pasipo kugeuzwa. Tuseme babu amekuachia moja kuukuu. Usikimbilie randa! Tafuta kwanza kibao cha fundi, au namba iliyogongwa katika mbao. Ukikwangua rangi ovyo, jina la aliyeiunda limepotea, wala halirudi. Kisha dungadunga kwa kisu mataruma, ndizo mbavu zake, na zile ncha mbili, kwani huko maji hutuama. Taruma lililooza usilitupe: ndilo kipimo cha jipya. Na nyufa? Usizishindilie zikiwa kavu. Mbao zikinywa maji huvimba, nyufa zikafumba. Zikikosa nafasi, hung'oa misumari.