Rafiki wa Karibu Anapokugeuka

Ukisoma Zaburi ya 55 utaona kwamba kilio cha Daudi hakikuwa juu ya adui. Adui angeweza kumvumilia, au kujificha mbali naye. Kilichomchoma ni mtu wa siri zake, waliyekuwa wakienda pamoja nyumbani mwa Mungu. Wengi husoma maneno hayo wakimkumbuka Ahithofeli, mshauri wa Daudi aliyejiunga na uasi wa Absalomu.

Hapa Saza uchungu huo tunaujua. Huku ni kwenye dhahabu, na wachimbaji wadogo wengi hushirikiana shimo kwa kuaminiana tu, bila karatasi. Sisi akina mama hufanya vivyo hivyo katika biashara. Mama mmoja (jina nalihifadhi, naye ameniruhusu kuandika) alimpa rafiki yake wa kwaya akiba yake yote akamnunulie vitenge Tunduma. Rafiki alirudi mikono mitupu, akasema mzigo umekamatwa mpakani. Wiki chache baadaye vitenge vikaonekana gulioni, vikiuzwa na ndugu wa huyo rafiki.

Alipokuja kupima, presha yake ilikuwa 180 kwa 110. Ikifika 140 kwa 90 sisi wauguzi tayari tunaiita ya juu. Alikuwa halali, hali vizuri, na dawa alikuwa ameziacha.

Watu walikwisha kumshauri. Wengine walisema aende kwa mganga, rafiki ashikishwe adabu. Hilo halihitaji maneno mengi: Neno la Mungu limekataza, na Sheria ya Uchawi imekuwapo tangu 1928. Wengine, wapendwa wenzetu wa kanisani, walimwambia anyamaze kimya, asimwulize mtu, amwachie Mungu. Ushauri huu ndio unaonisumbua, kwa sababu unafanana sana na imani.

Hebu tufungue 2 Samweli 15. Daudi anapanda Mlima wa Mizeituni akilia, hana viatu, ndipo anapoambiwa kwamba Ahithofeli amemgeuka. Anaomba ombi fupi tu: Mungu aligeuze shauri la mtu huyo kuwa upumbavu. Haombi afe. Kisha anafika kileleni, anamkuta Hushai, anamrudisha Yerusalemu akalipinge shauri lile. Ameomba, na hapo hapo amechukua hatua. (Hushai alitumia hila za vita; sisi hatuna haja ya hila, tunao wazee wa kanisa na mahakama.) Shauri la Ahithofeli lilipokataliwa alikwenda kwao akajinyonga. Mkono wa Daudi haukumgusa.

Kuna jambo ambalo wahubiri hulipita haraka. Bathsheba alikuwa binti Eliamu, na katika 2 Samweli 23 shujaa mmoja wa Daudi anaitwa Eliamu mwana wa Ahithofeli. Kama ni Eliamu yule yule, basi Ahithofeli alikuwa babu wa mwanamke ambaye Daudi alimtwaa, akamwua na mumewe. Hilo halihalalishi usaliti. Lakini wewe unayemlilia Mungu akupe haki, fahamu kwamba anajua na yale uliyomtendea mwenzako.

Mama yule tulianza naye kwenye dawa na usingizi. Kisha tukafuata Mathayo 18. Alimwendea rafiki peke yake, akafukuzwa. Akarudi na wazee wawili. Safari hii rafiki alikiri, wakaandikiana na kutia sahihi. Asipolipa, karatasi hiyo itakwenda Mahakama ya Mwanzo, ambako mtu anaweza kufungua madai yake mwenyewe. Usipojua pa kuanzia, tafuta msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua, na asiye na uwezo huhudumiwa bure.

Malipo yanakuja kidogo kidogo, na mengine bado. Wote wawili wangali kwayani, ingawa hawakai tena benchi moja. Mama aliniuliza kama kusamehe maana yake ni kumkabidhi tena fedha za vitenge. Nikamwambia hapana, asimlaani, amwombee, na mzigo ujao aufuate mwenyewe. Mwezi uliopita alisafiri kwenda Tunduma. Asubuhi ya safari alipita kupima, tukakuta 138 kwa 86.