Kukaza uso na shingo: bei ya tangazo si bei ya kazi

Mfanyabiashara anayekwenda Istanbul kufuata mzigo wa nguo hukutana siku hizi na bidhaa nyingine isiyopakiwa kwenye kontena. Ni upasuaji wa kukaza ngozi ya uso na shingo. Wakala huuza kazi hiyo kwa bei moja ya jumla inayounganisha daktari, hoteli na gari la uwanja wa ndege. Kwa aliyezoea kupiga hesabu za safari, kishawishi ni kikubwa: nauli imeshalipwa kwa ajili ya mzigo, kwa nini uso nao usishughulikiwe?

Hesabu hiyo ina kasoro. Bei ya kifurushi hulipia siku ya upasuaji na usiku wachache baada yake, wakati gharama na hatari kubwa za kazi hii ziko katika wiki zinazofuata. Asiyeweza kulipia siku 14 za baada ya upasuaji, akiwa karibu na daktari wake, hajaweza kulipia upasuaji wenyewe.

Kinachonunuliwa

Mnunuzi yeyote huuliza kwanza bidhaa inafanya nini. Daktari hupasua kuanzia kwenye nywele za panja, akapita mbele ya sikio na kuzunguka nyuma yake. Ngozi huinuliwa, nyama za chini yake hukazwa, kisha ngozi iliyozidi hukatwa na kushonwa. Kwa shingo, mara nyingi hupasuliwa pia sehemu ndogo chini ya kidevu ili kupunguza mafuta na kuunganisha msuli uliolegea.

Tabaka linalokazwa ndilo linaloamua ubora. Zamani ilivutwa ngozi peke yake, na ngozi hulegea tena mapema. Mwaka 1976 madaktari wa Ufaransa, Mitz na Peyronie, walieleza tabaka gumu lililo chini ya ngozi ya uso, ambalo likikazwa hubeba uzito badala ya ngozi. Mwaka 1990 Sam Hamra wa Marekani alieleza mbinu ya kuingia chini ya tabaka hilo. Kwa hiyo mteja ana haki ya kuuliza ni tabaka lipi litakalokazwa, kama vile mnunuzi wa gari anavyouliza habari za injini kabla ya rangi.

Kazi hii hurekebisha mashavu yaliyoshuka, mstari wa taya na ngozi inayoning'inia shingoni. Hainyanyui nyusi, haiondoi mifuko ya chini ya macho, wala haifuti mikunjo midogo ya kuzunguka midomo. Hizo ni kazi nyingine zenye ankra zake. Aidha, haisimamishi umri. Madaktari wengi hutaja miaka 7 hadi 10, na kwa wengine zaidi, kabla ulegevu haujarudi kuonekana.

Bei na kilichoachwa nje

Huduma ya afya ya umma ya Uingereza, NHS, imetaja bei inayoanzia pauni elfu chache kwa kazi ndogo hadi kama pauni 10,000 kwa uso na shingo pamoja, na ikaonya kwamba gharama za kumwona daktari kabla na baada huweza kuongezeka juu ya hapo. Nchini Marekani, chama cha madaktari wa upasuaji wa plastiki kilitaja wastani wa dola 8,005 kwa mwaka 2020. Fedha hizo zilikuwa ada ya daktari peke yake. Nusu kaputi, chumba cha upasuaji, vipimo na dawa vilihesabiwa mbali.

Tofauti hiyo ni somo kwa kila anayepewa bei ya jumla. Bei ikiwa chini sana, kuna kitu kimetolewa, na mara nyingi si hoteli. Huenda ni daktari wa usingizi, huenda ni kitanda cha kulala hospitalini usiku wa kwanza, au ni miadi ya kuangalia mshono. Ankra isiyotenganisha vipengele hivi haina tofauti na mzigo ulionunuliwa bila kufunguliwa.

Siku zinazofuata

Tatizo linalotokea mara nyingi zaidi ni damu kuvuja na kuganda chini ya ngozi. Kwa kawaida hutokea ndani ya saa 24 za kwanza, na donge likiwa kubwa mgonjwa hurudishwa haraka chumba cha upasuaji. Wanaume na wenye presha wako katika hatari kubwa zaidi. Usiku huo mgonjwa anahitaji mtu anayejua kazi yake karibu, si mhudumu wa hoteli.

Baada ya hapo huja uvimbe na michubuko inayoonekana kwa wiki 2 hivi au zaidi. Nyuzi za mbele ya sikio hutolewa siku za mwanzo, nyingine zikifuata, na nyingi huwa zimetoka ifikapo siku ya 10. Mgonjwa hulala ameinua kichwa kwa mito. NHS inashauri kupanga wiki 2 hadi 4 za kutokwenda kazini, na inasema sura kamili huonekana baada ya miezi 6 hadi 9. Kwa mwenye duka la mitumba, hii ina maana pia kwamba robota halinyanyuliwi kwa wiki kadhaa.

Hapo ndipo wazo la kuunganisha safari mbili linapovunjika. Ushauri wa Uingereza ni kusubiri siku 7 hadi 10 kabla ya kupanda ndege baada ya upasuaji wa uso, kwa kuwa upasuaji na safari ndefu ya ndege, kila kimoja kwa upande wake, huongeza hatari ya damu kuganda mishipani. Kifurushi kinachomrudisha mteja nyumbani siku ya 5 kimepunguza bei kwa kuhamisha hatari kutoka kwa muuzaji kwenda kwa mnunuzi. Naye anayezunguka madukani kutafuta mzigo huku uso umefungwa bandeji anahatarisha mshono na mtaji kwa pamoja.

Kuna hatari nyingine za kuuliza mapema. Sehemu ya sikio au shavu inaweza kufa ganzi, na mshipa wa fahamu unaoendesha uso ukiguswa, upande mmoja wa mdomo huweza kulegea. Mara nyingi hali hiyo hupita, lakini si kwa kila mtu. Mvutaji wa sigara huweza kupoteza ngozi kwa sababu damu haifiki vizuri, na madaktari humtaka aache wiki 4 au zaidi kabla. Watu wenye asili ya Kiafrika wana uwezekano mkubwa zaidi wa kuota makovu yanayovimba. Aliyewahi kuota donge baada ya kutoboa masikio amwambie daktari kabla ya kulipa chochote, kwa kuwa mshono utapita papo hapo.

Daftari la mteja

Mali bila daftari hupotea bila habari, na uso ni mali. Chukulia mwenye duka anayepata faida ya shilingi 60,000 kwa siku. Siku 21 nje ya kazi ni shilingi 1,260,000 ambazo haziko kwenye ankra ya wakala. Zipo pia chakula na kitanda kwa siku za ziada, mtu wa kumsindikiza, na akiba ya kurudi kwa daktari mambo yakienda kombo. Ada ile ya dola 8,005 ikigawanywa kwa miaka 8 ni kama dola 1,000 za uchakavu kila mwaka, na mwisho wake hakuna kitu cha kuuza tena.

Kwa hiyo hii si rasilimali, ni matumizi. Mwenye faida iliyokwisha kutengwa anaweza kuitumia atakavyo, na wapo wanaoridhika na matokeo kwa miaka mingi. Kosa ni kuchota mtaji wa mzunguko, au kukopa kwa riba, kwa hoja kwamba sura mpya italeta wateja. Wateja wa jumla hufuata bei na uaminifu, na mkopo hauanzi kulipwa michubuko ikiisha.

Uchunguzi wa muuzaji nao haugharimu sana. Tangu mwaka 2017 Uturuki ina kanuni inayozitaka hospitali na mawakala wanaohudumia wagonjwa wa kutoka nje wawe na cheti cha Wizara ya Afya. Cheti hicho kiombwe. Nyumbani, jina la daktari linaweza kuulizwa kwa Baraza la Madaktari Tanganyika au, kwa Kenya, kwa KMPDC. Mwishoni mwa mwaka 2024 baraza hilo la Kenya lilifunga kliniki moja ya Nairobi baada ya mteja kufariki kufuatia upasuaji wa urembo wa kunyonya mafuta. Ni funzo kwamba ukaribu peke yake si dhamana.

Hata hivyo, daktari aliyesajiliwa, anayefikika kwa gari usiku wa kwanza na tena mwezi wa 3, ana thamani ambayo kifurushi cha ng'ambo hakiwezi kuilinganisha kwa punguzo la bei. Pale bei mbili zinapokaribiana, mnunuzi makini achague ya karibu. Pale ya mbali inapokuwa rahisi sana, aongeze siku 14, tiketi inayobadilika tarehe na akiba ya dharura, kisha alinganishe upya. Mara nyingi nafuu itakuwa imekwisha kabla ya kalamu kufika mwisho wa ukurasa.