Baiskeli Ikilia, Weka Chini Oili Kwanza

Zunguka nyuma ya hosteli zetu utaziona. Zimeegemezwa ukutani, tairi zimelala, siti zimegeuka viota vya vumbi. Ukiwauliza wenyewe kisa ni nini, wachache watakuambia imevunjika. Wengi watasema, "Ilikuwa inalia sana, nikachoka." Yaani baiskeli nzima, iliyonunuliwa kwa bumu la semista nzima, imestaafishwa kwa sababu ya "kri, kri, kri".

Mimi nasema hivi: wenye baiskeli hapa chuoni tunapoteza hela, na mwishowe tunapoteza baiskeli, kwa sababu tunaitibu kelele kabla ya kuitafuta. Na umoja wetu wa wanafunzi unaweza kupunguza hasara hii kwa boksi moja tu la spana.

Tiba zetu tunazijua. Ya kwanza ni oili. Mtu anaomba oili chafu ya pikipiki kwa bodaboda, anaimwagia cheni, pedali, siti, kila panapofikika. Kwa siku mbili kunakuwa kimya kidogo, kisha vumbi la barabara zetu linaganda kwenye ile oili, cheni inakuwa kama imepakwa msasa, inakula meno ya gia. Tone likidondokea kwenye rimu, breki za mpira hazishiki tena, na mteremko wa kushukia lekcha haukusubiri. Tiba ya pili ni kwa fundi: "Fundi, inalia, nirekebishie." Basi fundi anaanza kubahatisha. Anabadilisha cheni, kelele ipo. Anabadilisha pedali, ipo. Siku ya tatu mtu anagundua kumbe ilikuwa nati ya siti.

Fundi simlaumu sana. Mgonjwa akifika zahanati akasema "naumwa" akanyamaza, hata daktari atabahatisha.

Kinachotuponza ni kwamba baiskeli inadanganya. Fremu ni mabomba matupu ndani, na sauti inasafiri humo kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Siti ikilia unaisikia miguuni. Shingo ya usukani ikilia unaapa ni pedali. Tena kila ukikanyaga, uzito wako unahama kushoto na kulia, kwa hiyo siti nayo inalia kwa mapigo yaleyale ya pedali. Masikio peke yake hayatoshi. Inabidi upime, tena kwa namna ileile tunayofundishwa maabara: badilisha kitu kimoja, vingine viache vilivyo, uone kimetokea nini. Ajabu ni kwamba tunakesha kwenye vimbweta tukila msuli wa somo hilohilo, halafu tukikutana na baiskeli tunarudi kwenye ramli.

Vipimo vyenyewe havihitaji hata spana. Panda baiskeli ukiwa mahali palipotulia, ifikie mwendo, kisha acha kukanyaga. Kelele ikiendelea huku miguu imetulia, achana na pedali kabisa. Tafuta kwenye magurudumu, breki, madigadi au keria. Nati moja ya keria iliyolegea inaweza kukunyima raha mwaka mzima.

Kelele ikikoma ulipoacha kukanyaga, endelea. Kanyaga ukiwa umesimama, siti haina mtu. Ikinyamaza, mkosaji ni siti au bomba lake. Ikizidi, hasa ukiwa unavuta usukani, shuka chini, bana breki ya mbele, sukuma usukani mbele na nyuma. Ikilia hapo umeshamkamata. Bado? Kanyaga kwa mguu mmoja, kisha mwingine. Inayolia mguu wa kulia tu imeshakupunguzia nusu ya kazi.

Kipimo cha mwisho ni kuhesabu, na hiki ndicho nakipenda kuliko vyote. Chukua baiskeli yenye meno 44 mbele na 18 nyuma, cheni ina pingili 110. Pedali zikizunguka mara moja, gurudumu la nyuma linazunguka karibu mara mbili na nusu, wakati cheni haijamaliza hata nusu ya safari yake. Kwa hiyo mlio unaokuja mara moja kwa kila mzunguko wa pedali unatoka kwenye pedali, krenki au ekseli ya katikati, au siti kama kipimo cha kusimama hukukifanya. Unaokuja mara moja kwa kila mizunguko miwili na nusu ya pedali ni pingili moja ya cheni iliyokaza. Unaokuja haraka zaidi ya pedali unatoka kwenye gurudumu. Hesabu ya darasa la tano hiyo, na imekuokolea bei ya cheni mpya.

Ukishampata mkosaji, mara nyingi dawa ni ndogo kuliko ulivyoogopa. Mlio mwingi wa baiskeli ni chuma kikavu kinachosuguana na chuma kingine mahali palipotakiwa kukaza. Fungua, futa kutu na mchanga kwa kitambaa, paka grisi kidogo, funga ukaze vizuri. Bomba la siti, hesi za pedali, shingo ya usukani, vyote dawa yao ni hiyohiyo. Kumbuka tu kwamba pedali ya kushoto ina hesi za kinyume: unaifungua kwa kuzungusha upande ambao nati nyingine tunakazia. Wengi wameharibu krenki nzima kwa kutolijua hili, eti pedali imegoma.

Wenye Phoenix, Hero, Avon na nyingine za chuma za aina hiyo, angalieni kotapini, ile pini inayoshikilia krenki kwenye ekseli. Ikilegea haitoi "kri", inagonga: "ta", mara mbili kwa kila mzunguko, na unahisi krenki inacheza chini ya mguu. Kuivuta kwa kukaza nati hakusaidii. Pini inaingizwa kwa nyundo, krenki ikiwa imeegemezwa kwenye kitu kigumu, kisha nati inakazwa ili isitoke. Ukiendelea kuiendesha ikiwa imelegea, inakula pini, kisha krenki, kisha ekseli. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Na hapa ndipo suala linaacha kuwa la kelele. Kuna mlio ambao ni fremu inapasuka. Ukishapima kila kitu na mkosaji haonekani, safisha baiskeli, iweke juani, ichunguze pale mabomba yanapokutana: chini kwenye ekseli ya pedali, mbele kwenye shingo, na kwenye foki. Mstari mwembamba kwenye rangi, hasa wenye kutu inayochungulia, ni amri ya kushuka na kutembea. Foki ikikatika kwenye mteremko, inayofika chini kwanza ni meno yako. Yule aliyemwagia oili na kunyamazisha kila kitu amejizibia masikio kwa hela yake mwenyewe.

Najua kuna watakaosema mwanachuo hana muda wa mambo ya spana, assignment zinamsubiri. Vipimo vyote nilivyotaja havizidi nusu saa. Kwenda kwa fundi mara tatu kwa tatizo moja ndiko kunakokula muda. Wengine watasema tunataka kuwanyima mafundi riziki. Hapana. Kunyoosha rimu, kubadilisha goroli, kuchomelea fremu, hizo ni kazi za fundi na zitabaki kuwa zake. Tofauti ni kwamba utamwendea ukasema, "Shikamoo fundi. Inalia nikikanyaga mguu wa kulia, nikisimama bado inalia, pedali nimeshaipaka grisi." Fundi mzuri atafurahi. Fundi mbabaishaji atajua huyu si wa kubabaishwa. Wote mnafaidika.

Kuna hoja moja nzito zaidi. Vifaa. Seti ya spana si ya kila mtu, na hakuna haja kila chumba kiwe na nyundo. Ndiyo maana hili ni la umoja wa wanafunzi. Tunaweza kuwa na boksi moja kwenye ofisi yetu: spana za saizi za kawaida, spana malaya moja, bisibisi, nyundo, ufunguo wa pembe sita kwa baiskeli za mtumba, kopo la grisi, oili safi ya cheni, vitambaa. Unaacha kitambulisho, unatumia palepale nje, unarudisha. Jumamosi moja kila mwezi tumwalike fundi wa pale getini, tumlipe kama tunavyowalipa wageni wengine wanaokuja kutusemesha ukumbini, atufundishe kufungua na kufunga. Kila mwaka tunashona fulana za umoja ambazo nusu yake huishia kuwa dekio. Bajeti ya boksi hilo haifiki huko.

Anayehitaji hili zaidi ni mwenzetu aliyepanga chumba mtaani kwa sababu hosteli zimejaa. Kwake baiskeli ni nauli ya daladala asubuhi na jioni, siku tano kwa wiki, na hiyo nauli ndiyo chakula cha mchana. Baiskeli yake ikilala nyuma ya ukuta, ratiba yake ya kula nayo inalala.

Kikao cha bajeti kiko mbele yetu. Naomba wawakilishi wa kila kitivo walipeleke hili likiwa limeandikwa, na bei za vifaa zikiwa zimeulizwa dukani tayari, si kusikika. Wakati tunasubiri, leo jioni ukirudi hosteli, usishike oili. Panda, fikia mwendo, acha kukanyaga, sikiliza.