Msisubiri simu yangu

Liège, Ubelgiji

Kwa mama zangu, dada zangu na wakwe zangu wa Luhwindja,

Kila mvua zikianza mnanipigia: mtoto anakohoa, ana homa, tuma kitu cha hospitali. Natuma. Lakini mpaka pesa ifike, usiku mzima umepita, na nimonia haimngoji mtu. Nawaomba: mtoto akianza kuhema vibaya, mpelekeni kwanza. Pesa itawafuata.

Mafua na kikohozi cha kawaida hupita bila antibiotiki. Cha kuangalia ni kifua. Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, mfunueni nguo hadi tumboni, mhesabu pumzi zake dakika nzima kwa saa ya simu. Wa miezi 2 hadi 11 akifikisha 50, au wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha 40, nendeni kituo cha afya siku hiyo hiyo. Tazameni pia chini ya mbavu: akivuta hewa na pale pakabonyea ndani, msingoje kesho. Mama mmoja alinitumia sauti ya pumzi ya mwanawe kwa WhatsApp, nimsaidie kuamua. Nilisikia mkoromo tu, mbavu sikuziona. Aliyeziona ni yeye.

Asiyeweza kunyonya, anayetapika kila kitu, mwenye degedege, asiyeamka vizuri au mwenye midomo ya buluu, huyo anahitaji hospitali yenye oksijeni. Mtoto mchanga wa chini ya miezi 2 anatisha zaidi, maana anaweza kukosa homa kabisa, hata mwili ukawa baridi. Akikataa ziwa, au pumzi zikifika 60, ni hospitali moja kwa moja. Njiani abebwe kifuani, ngozi kwa ngozi, afunikwe vizuri.

Tafadhali, msimpeleke kukatwa kilimi. Kukata kilimi hakugusi mapafu. Kunaleta damu na kidonda, na saa zinapotea. Homa nayo isiwafanye mumpe dawa ya malaria mkatulia, kwa sababu mtoto anaweza kuwa na vyote viwili. Muuguzi akiwapa amoksilini ya kuyeyusha kwenye maji, asubuhi na jioni kwa siku 5, imalizeni hata kama siku ya pili anacheza. Msibakize vidonge kwa ajili ya mdogo wake.

Kinga nayo ipo: chanjo ya nimokoki, kijidudu cha nimonia, ilianza Kongo mwaka 2011, na hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Daktari Archippe Birindwa wa hospitali ya Panzi na wenzake waliandika mwaka 2020 kwamba baada ya chanjo hiyo, watoto waliolazwa kwa nimonia kali huko kwetu mashariki walipungua. Wiki ya 14 ndiyo wengi wanaisahau, shamba likiwa limewabana. Na moshi! Najua baridi ya milima yetu, najua kwa nini moto unawashwa ndani. Angalau mtoto asilale karibu na mafiga.

Sisi tulio huku tumeanza kuchanga. Tutaweka pesa kwenye likelemba, kikundi cha kuchangiana cha akina mama, ikae hapo hapo kijijini, ilipe motari wa pikipiki hata saa 8 usiku bila mtu kupiga simu Ulaya. Chagueni wawili wa kuishika, mnitumie majina yao Jumapili.

Mtoto wenu