Kampuni hazifiki 30, chujio la nini?

MFUKO WA WIKI
Na Rehema Msangi

Kwenye makundi ya WhatsApp ya wawekezaji wadogo hapa Dar es Salaam yanazunguka mafaili ya Excel yaliyopakwa rangi. Kijani nunua, njano subiri, nyekundu kimbia. Nani kalitengeneza faili, tarakimu kazitoa wapi, za mwaka gani, hakuna anayeuliza. Vigezo vyenyewe karibu kila mara ni vilevile: bei ya hisa isizidi mara 15 ya faida yake, isizidi mara moja na nusu ya thamani ya vitabuni, na mali za muda mfupi ziwe angalau mara mbili ya madeni ya muda mfupi. Aliyemsoma Benjamin Graham, mwandishi wa The Intelligent Investor kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1949, atavitambua vigezo hivyo papo hapo.

Graham aliviweka akiwa Marekani, kwenye soko la maelfu ya kampuni. Pale kuchuja ni lazima, maana hakuna binadamu anayeweza kusoma taarifa zote. Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE) lilianza biashara mwaka 1998 kwa hisa za TOL, na hadi leo halijafikisha kampuni 30. Mtu mwenye kazi yake na familia yake anaweza kuzisoma zote, taarifa moja baada ya nyingine, kabla mwaka haujaisha. Soko dogo hivi ukilichuja kwa ungo wa Marekani utabaki na kampuni mbili tatu mkononi, na hutajua zile nyingine zimeanguka kwa sababu gani.

Tuitazame hiyo 15. Hisa inayouzwa mara 15 ya faida ina maana kwamba kwa kila shilingi 100 ulizolipa, kampuni inakuchumia shilingi 6 na senti 70, na hata hizo hupewi zote, kwa kuwa gawio ni sehemu tu ya faida. Sasa kumbuka mwaka 2022, Serikali iliposhusha riba ya hatifungani ya miaka 20 kutoka asilimia 15.49 hadi 12.10. Watu walilalamika kweli. Lakini hiyo 12.10 haikatwi kodi, wakati gawio la kampuni iliyoorodheshwa hukatwa asilimia 5. Graham mwenyewe alikuwa akizipima hisa kwa kuziweka kando ya hatifungani za wakati wake. Wanaomnakili wamechukua tarakimu, wakaiacha hesabu. Ni kweli faida ya kampuni yaweza kukua na riba ya hatifungani haikui. Basi swali liwe hilo: hii itakua kwa sababu gani? Excel haikujibu.

Halafu kuna makosa ya jedwali lenyewe. Kwenye ubao wa DSE zimo kampuni za Kenya, KCB na Kenya Airways zikiwemo. Bei utaiona kwa shilingi ya Tanzania, ila faida kwa kila hisa utaikuta kwenye taarifa iliyoandikwa kwa shilingi ya Kenya, na shilingi moja ya kule ni karibu 20 za kwetu. Gawanya moja kwa nyingine bila kubadilisha fedha, KCB itaonekana ghali mara 20 kuliko ilivyo, na faili litaipaka nyekundu.

Kenya Airways ni kichekesho zaidi. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2015 ilipata hasara ya shilingi bilioni 25.7 za Kenya. Ukigawanya bei kwa hasara unapata namba hasi. Kanuni inasema isizidi 15, hasi 3 haizidi 15, kijani! Mtaji wa wanahisa nao ukishakuwa hasi, kama ulivyokuwa kwa shirika hilo miaka mingi, unagawanya hasara kwa hasi na kupata faida nono juu ya mtaji. Hesabu ya shule ya msingi, hasi kwa hasi ni chanya. Hisa hizo zilisimamishwa kuuzwa Nairobi Julai 2020, zikarudi sokoni Januari 2025. Dawa yake ni fupi: kabla ya kugawanya chochote, kisanduku kiulize kwanza kama faida na mtaji ni zaidi ya sifuri. Kama sivyo, kiandike “soma taarifa”.

Safu ya madeni nayo haifai kila mahali. Benki huandika amana za wateja upande wa madeni, kwa hiyo kwa kipimo cha kiwandani NMB na CRDB zitaonekana zimezama kila mwaka. Kwenye saruji kipimo hicho kina kazi. Tanga Cement ilikopa fedha nyingi kujenga tanuri la pili, na kwa miaka kadhaa riba ikawa inakula kile kiwanda kilichozalisha, wakati jirani yake Twiga anaendelea kutoa gawio. Kwa thamani ya vitabuni, Tanga ilionekana ya bei ya kutupa. Aliyeangalia faida ikilinganishwa na riba aliona sababu. Na nisifiche: mwaka 2021 ilipotangazwa kwamba Scancem, mwanahisa mkuu wa Twiga, anataka kuinunua Tanga, bei yake ilipanda sana. Hilo halikuwamo kwenye kisanduku chochote, wala sidhani lingeweza kuwamo.

Jambo lingine ni bei yenyewe. Zipo hisa DSE ambazo hupita siku na siku bila kuuzwa hata moja, lakini bei inaendelea kuandikwa ileile. Uwiano wote unaokokotoa unasimama juu ya bei ambayo pengine hakuna mtu wa kuikubali leo. Ongeza safu ya idadi ya hisa zilizouzwa mwezi huo. Ikiwa ni tupu, usijisumbue na desimali.

Simwambii mtu aachane na Excel. Mwekezaji mdogo hana mchambuzi wa kumlipa, na jedwali ndilo litakalomkumbusha faida ya miaka mitano iliyopita kabla hajanunua kwa maneno ya dalali au shemeji. Ninachokataa ni jedwali la kupewa. Namba ukiiandika kwa mkono wako kutoka kwenye taarifa ya fedha, utaona imeandikwa kwa maelfu au kwa mamilioni, utaona faida ya mwaka ule ilitokana na kuuza kiwanja na si bidhaa, utaona idadi ya hisa imeongezeka. Faili la kijani halina habari hizo.

Wiki ijayo nitashughulika na benki peke yake. Kabla ya hapo, chukua taarifa ya robo mwaka ya benki yoyote iliyochapwa gazetini, shuka hadi chini kabisa penye viashiria, utafute uwiano wa mikopo chechefu. Benki Kuu inataka usizidi asilimia 5. Andika ulichokikuta, na robo iliyotangulia ilikuwaje.